Jua la Saa Nne na Mguu Wangu wa Kushoto

Rangi nyekundu ndiyo iliyoanza kuniacha. Nilikuwa nimeketi nyuma ya ukumbi wetu wa mazoezi kule Kawempe, Kampala, nafuta tromboni kwa kitambaa, nikamtazama mwenzangu aliyekaa mbele yangu. Makoti ya bendi yetu ni mekundu ya kuumiza macho, kwa sababu bendi ya kukodiwa lazima ionekane kutoka mbali. Jicho la kulia liliona koti kama lilivyo. Nilipolifumba nikabaki na la kushoto, koti lile lile likawa na rangi ya tofali kuukuu. Nikafumba hili, nikafumbua lile, kama mtoto anayecheza. Sikucheza kwa muda mrefu, maana kila nilipolizungusha lile jicho lilikuwa linauma kwa ndani.

Ninaandika kwa ajili yako wewe uliyekaa mahali fulani sasa hivi ukifumba jicho moja na kufumbua jingine, ukijiambia ni uchovu tu. Sitakufundisha udaktari, siujui. Nitakueleza yaliyonipata tangu masika yale koti lilipobadilika rangi, nawe uchukue litakalokufaa.

Naitwa Rukia. Nimezaliwa Mbuya, chini ya kilima cha wanajeshi, na bado naishi pale pale. Baba yangu alikuwa sajenti, mwalimu wa guaride, mtu wa upande wa Arua aliyekuja Kampala na sanduku la bati na sauti kubwa. Mama ni Mwacholi, Mkatoliki wa rozari. Baba ni Mwislamu wa swala tano, na sisi watoto tulimfuata yeye. Nyumbani tulikula Idi na Krismasi bila ugomvi, na dini ya tatu, ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuiasi, ilikuwa guaride. Redio ikipiga wimbo wa taifa asubuhi tulisimama wima, hata mwenye kijiko mdomoni. Kaka yangu aliwahi kuukuta wimbo akiwa bafuni, akatoka na povu la sabuni masikioni, akasimama uani kwa taulo mpaka ukaisha. Kwenye sherehe za watu Baba aligeuza shingo polepole kutazama ni nani amekaa, na huyo aliyekaa alisimama bila kuambiwa neno. Mtaa mzima unamwita Afande.

Kwa hiyo nilijua kutembea kwa hatua kabla sijajua kusoma, na mwendo huo ndio ulionipa kazi. Kupuliza tromboni wanajua wengi. Kupuliza huku unapanda mteremko wa Kampala mbele ya maharusi, mgongo umenyooka na hatua haipotei, hapo wengi wanaachwa.

Jicho nililipeleka kwa mtengeneza miwani wa Wandegeya. Akanipa miwani, na wiki chache baadaye nyekundu ikarudi. Nikamsifu yule bwana kwa kila mtu, bure kabisa, maana sasa najua miwani ile haikuwa na kazi yoyote. Ugonjwa huu unajua kuaga. Unakuja, unakutia hofu, unaondoka, na wewe unafunga ukurasa kwa furaha wakati wenyewe umekwenda tu kuzunguka nyumba.

Kiangazi kilipoanza, vidole vya mguu wa kushoto vikawa kama vimevaa soksi iliyolowa. Nilivitazama, vikavu. Halafu ganzi ikapanda mpaka goti. Halafu kifua kikaanza kubanwa chini ya matiti, kama mtu amenifunga mkanda wa ngoma kubwa akakataa kuulegeza. Nikaenda zahanati. Kwetu ukisema mwili hauko sawa, malaria inapewa kiti cha mbele na taifodi inakaa pembeni yake. Nikameza dawa za malaria. Nikadungwa sindano za taifodi. Nilizoea mabenchi yale ya kusubiri, ukutani televisheni inaonyesha mahubiri bila sauti, kila mlango unapofunguka watu wote wanainua kichwa. Kila mahali niliambiwa damu yangu ni safi, na kila mara nilirudi nyumbani na mguu ule ule.

Sikusema sana. Baba hakupenda mtu wa kulalamika, na mimi nilijivunia kuwa mtoto wake.

Kisha nikaanguka. Ilikuwa sherehe ya shule, wazazi wamekaa chini ya mahema, sisi tumesimama juani. Tulikuwa katikati ya wimbo wa taifa mguu wa kushoto ulipoondoka. Haukuteleza. Uliondoka tu, kama si wangu, nikaenda chini na tromboni ikapinda bomba lake chini ya kifua changu. Wenzangu waliendelea kupiga, kwa sababu wimbo ule haukatizwi. Ulipoisha ndipo mkuu wa bendi, Maestro Bahati, Mkongomani wa Bukavu mwenye moyo laini kuliko sura yake, akaniinua na kuniuliza kwa sauti ya chini kama nilikuwa nimekula. Wazazi wawili nyuma yake walikuwa wanacheka. Nikasikia neno waragi, ile pombe kali ya kwetu.

Habari zilifika Mbuya kabla yangu. Baba alikuwa ananingoja mlangoni, hakuuliza kama nimeumia, akaanza kwa Kiswahili chake cha kambini.

"Wewe ilianguka wakati ya wimbo ya taifa?"

"Ndiyo, Baba."

Akautazama mguu wangu. "Hii mguu nalala," akasema. "Kesho sisi naamusha yeye."

Nataka umwelewe Baba kabla hujamhukumu. Alikuwa amechukua mamia ya vijana waliofika kambini hawajui kushoto wala kulia akawatoa wakitembea kama mtu mmoja. Aliwaamsha kwa jua. Saa nne asubuhi, jua likishaanza kuchoma, ndipo guaride la kweli linapoanza, alisema, kwa sababu mwili mvivu unaogopa joto na mwili uliokubali haulioni. Hiyo ndiyo dawa aliyokuwa nayo, na alinipa yote bila kubakiza.

Kila siku ambayo sikuwa na kazi alinitoa uani saa nne, fimbo yake ya guaride kwapani, akanipeleka kutoka ukuta wa jikoni mpaka lango na kurudi. Kushoto, kulia. Kushoto, kulia. Mwanzoni nilienda vizuri. Jua likishanikolea, mguu ulianza kuburuta kidole, jicho likaingia ukungu, ulimi ukawa mzito. Baba alipandisha sauti. Nilijikaza kisabuni mpaka nikashindwa kuinua unyayo, ndipo aliponiruhusu kwenda kuoga. Nilijimwagia maji ya baridi, nikalala kwenye saruji ya chumbani, na jioni nikaamka mguu unanitii. Nikatembea mbele yake kutoka kiti mpaka dirisha.

"Umeona?" akamwambia Mama. "Nasikia amri."

Mimi mwenyewe niliamini. Asubuhi tunafanya guaride, jioni natembea, ungefikiri nini? Hakuna kati yetu aliyewaza kwamba ni maji yale ya baridi.

Mama hakuamini jua. Aliamini maombi, akanipeleka kwenye ibada ya mchana kutwa ya kundi lake la rozari, katika ukumbi wa mabati uliojaa watu mpaka hewa ikawa uji. Nilianguka tena. Wakashangilia. Walidhani kilichonikaa kimetoka, na mimi nimelala pale chini nikiona viatu vya watu kwa jicho moja, nikitamani mtu mmoja tu afungue dirisha. Siku hiyo wazazi wangu walisemezana maneno ambayo sikuwahi kuyasikia nyumbani kwetu. Mama alimwambia Baba, "Unaua mtoto yangu na jua." Baba akamjibu kwamba yeye angalau haniangushi na kupiga makofi. Kisha kwa siku kadhaa wakawa wanaagizana chumvi kupitia kwangu.

Kilichotuokoa ni swala. Nilikuwa nimeanza kupigwa na kitu kama umeme kila nilipoinamisha kichwa. Kidevu kikigusa kifua, shoti inashuka kwenye uti wa mgongo mpaka vidoleni, halafu inazima. Sikumwambia mtu. Niliona haya, kwa sababu ilinipata zaidi ninaporukuu, na kwetu mtu anayetetemeka kwenye swala husemwa ana majini. Nilianza kuswali peke yangu chumbani. Siku moja ya mvua Baba hakwenda msikitini, akaniita niswali nyuma yake. Nilipoinama nikashtuka, nikatoa sauti. Alimaliza swala yake yote, hakuharakisha, akageuka.

Aliniambia niinamishe kichwa tena. Nikainamisha, nikashtuka tena. Akaniambia niinamishe polepole, akaweka kiganja mgongoni mwangu, kiganja kile kigumu, akakihisi kinachopita.

"Hii si mguu," akasema. Aliwahi kuona askari aliyejeruhiwa shingoni, alisema, na yule askari alikuwa anaruka hivyo hivyo. "Hii iko kitu ya mgongo. Sisi nakwenda kwa daktari kubwa." Sikuwahi kumsikia akikubali kwamba alikosea, na hata siku ile hakusema hivyo, lakini mkeka wangu aliukunja yeye mwenyewe.

Kumpata daktari wa mishipa ya fahamu si kama kumpata wa meno. Tulipewa miadi ya mbali, na katika kungoja Baba aliendelea kunitoa uani, ili mguu usisahau kazi, alisema, ila safari hii kwa sauti ya chini.

Chumba cha kusubiri cha daktari yule kilikuwa na feni moja, nayo ilikuwa inamwelekea karani. Nililoa jasho. Mama mmoja aliyemleta mumewe aliyepooza alinitazama, akasimama, akaigeuza ile feni kwangu. Sijui jina la mama yule, na bado namwombea.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, asiye na haraka. Alinitembeza, akanigonga magoti kwa nyundo yake ndogo, akanikwaruza wayo, kidole gumba kikainuka juu badala ya kujikunja. Akaniambia nishushe kidevu. Aliponiona nimeruka aliandika kitu, kisha akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: je, mwaka huu au uliopita, macho yamewahi kunisumbua, hata kama yalipona? Nilikuwa nimesahau kabisa. Nikamweleza koti jekundu, na nikiwa namweleza nikaona uso wake unabadilika, si kwa hofu, kwa huzuni ya mtu aliyepata alichokuwa hataki kukipata.

Kisha akamgeukia Baba na kuacha Kiingereza chake, kwa heshima. "Mzee, akiwa kwa jua, mguu inakuwa aje?"

Baba alikuwa ameketi wima kwenye kiti, kofia magotini.

"Nakufa," akasema. "Kwa jua mguu nakufa kabisa. Mimi ndiyo ilikuwa naweka yeye kwa jua."

Daktari alimweleza taratibu kwamba jua halikuleta ugonjwa wala halikuuongeza, kwamba joto linauzima mguu kwa muda na baridi inaurudisha, na kwamba ni yeye Baba aliyeigundua shingo. Alirudia mara mbili. Niliona wazi kwamba Baba hakusikia ila yale aliyoyasema mwenyewe.

Pesa ya kipimo cha MRI nisiieleze. Aliyewahi kuitafuta anajua, na asiyewahi namwombea asijue. Uliingia mwili wangu kwenye lile bomba linalogonga kama mafundi bati, na baadaye nikachukuliwa maji ya uti wa mgongo, nimelalia ubavu nimejikunja, Mama akinishika mikono. Picha zilionyesha madoa meupe kichwani na shingoni. Daktari akaniandikia jina la ugonjwa: multiple sclerosis, wengi wanaita MS. Kinga ya mwili wangu, alisema, inatafuna ganda la nyaya zangu za fahamu. Zaidi ya hapo alieleza mengi na mimi sikusikia. Nilikuwa natazama mdomo wake. Mama aliuliza kama inapona. Daktari akasema haiponi, ila inaweza kupunguzwa mwendo. Nililia pale pale, kwa sauti, kama mtu aliyefiwa, na kwa kweli nilikuwa nimefiwa. Nilijua tromboni imekwenda.

Nilianza matibabu mvua za vuli zikinyesha. Dripu za kupoza uvimbe zilinikosesha usingizi na kunipa njaa ya ajabu. Mama alinipikia malakwang, mboga chachu ya kwao, na karanga sufuria nzima, nikamaliza, nikaomba nyingine. Uso ukavimba ukawa duara. Majirani wakanisifu nimenenepa, maisha yamekuwa matamu. Niliwashukuru, ningefanyaje? Jicho likasafika, mkanda wa kifuani ukalegea. Mguu ulirudi, si wote. Tangu hapo natembea na mkongojo, na dawa zangu zinatoka nje ya nchi kwa njia ndefu, kila nikiona zimebaki chache roho inakuwa mkononi. Maestro Bahati hakuniacha. Alinipa wanaoanza kupuliza, nawafundisha nimekaa.

Kilichoniumiza zaidi ya mguu ni nyumba yetu kunyamaza. Baba aliipandisha fimbo yake ya guaride juu ya dari. Hakutoa amri tena, si kwangu, si kwa mtu. Alianza kuniuliza mambo badala ya kuniambia, kwa sauti ya mgeni: kama nitakula, kama nitatoka. Kila alfajiri nilikuta beseni la maji ya baridi mlangoni kwangu na taulo limekunjwa pembeni, na yeye ameshaondoka. Redio ilipofika kwenye wimbo wa taifa, aliipunguza sauti ili usifike chumbani kwangu, nisije nikahangaika kuinuka. Nilikuwa namsikia, ukutani, akisimama peke yake. Niliwahi kumwambia hakuna aliyejua. Akaitikia, "Ndiyo, mtoto yangu," akatoka kwenda kufagia ua ambao Mama alikuwa ameshaufagia.

Kama uko mwanzo wa njia hii, mwambie daktari hata lile lililopona. Mwambie la aibu, lile la swalani. Loweka kitambaa, kiweke shingoni ukitoka. Na wale waliokuumiza kwa kukupenda, wape muda, maana nao wanaumwa na hawana wa kuwapima.

Kiangazi hiki shule moja ilifungua ukumbi wake mpya, na wanafunzi wangu walikuwa wanapiga kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Baba alinisindikiza. Alivaa koti lake la sherehe lenye nishani. Mgeni rasmi alichelewa, kama ilivyo desturi ya wageni rasmi, na hema la plastiki likaanza kupika. Kitambaa changu kilikauka shingoni. Gari lilipofika na bendi ikaanza wimbo wa taifa, watu wote walisimama, nami nikashika mkongojo nikaupa mguu amri. Haukuja. Nikajaribu tena, nikarudi kitini kwa kishindo.

Kijana wa itifaki aliyesimama karibu akainama, akaniita bibi kwa Kiganda. "Nnyabo, simama. Ni wimbo ya taifa."

Baba alikuwa kando yangu, wima, mikono imebanwa mapajani. Akageuza shingo polepole, ule mgeuko wa tangu utotoni, akamwona aliyekaa. Akaniona. Nilisikia haya mpaka masikio yakawaka, nikataka kumwambia nisamehe.

Baba akaketi. Aliketi taratibu kwa sababu ya magoti yake, nishani zikagongana kifuani, akaweka kofia juu ya mkongojo wangu. Kijana wa itifaki akazitazama zile nishani, akarudi nyuma.

"Baba, simama," nikamnong'oneza. "Watu wanaona."

"Waone," akasema. "Mimi nakaa na mutu yangu."

Akanishika mkono. Tromboni za wanafunzi wangu ziliingia, moja ilikuwa imechelewa kidogo, nami nililia waziwazi na sikujifuta. Tukakaa hivyo, mbele yetu migongo ya watu, mpaka wimbo ukaisha na wengine wote wakaketi.